Unanipata? Vijiti vya mawimbi na historia ya kusikika Rwamgasa

Kiangazi kilichopita nilisimama kando ya duara moja huko Rwamgasa pamoja na msimamizi wake, mtu wa makamo aliyening'iniza kiunoni redio ya mkononi ya aina zile za bei nafuu zilizoenea siku hizi. Mwenzake aliyekuwa mwaloni, mwendo wa kilomita mbili hivi, aliita kuuliza kama mbale zimeanza kupanda. Kioo kidogo cha redio kikawaka vijiti vinne. "Unaona, Mwalimu? Imejaa," akaniambia kwa fahari. Nikamwuliza kama anaweza kuzungumza vivyo hivyo na vijana watatu waliokuwa chini, zaidi ya mita 50 kutoka tuliposimama. Akacheka kidogo, akaigusa kamba iliyoshuka shimoni. "Hao wako kwenye hii."

Mimi hufundisha historia, na wanafunzi wangu wanaujua udhaifu wangu wa kuuliza kila kipimo kilizaliwa wapi na kwa ajili ya kumjibu nani. Kipimo cha nguvu ya mawimbi kina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na kwa mtu anayeshuka duarani historia hiyo ni suala la uhai na mauti. Vijiti vile humwambia mwenye redio jinsi yeye anavyomsikia mwenzake. Havimwambii kama mwenzake anamsikia yeye.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Mwaka 1912, miezi michache baada ya meli ya Titanic kuzama, mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya redio uliofanyika London uliidhinisha orodha ya vifupisho vya herufi tatu vinavyoanza na Q, ili mabaharia wa lugha mbalimbali waweze kuelewana. Kimojawapo, QSA, kiliuliza: je, mawimbi yangu yana nguvu? Msomaji aangalie neno "yangu" katika swali hilo. Mpiga simu alijua kwamba jambo hilo hawezi kujijibu mwenyewe. Jibu lilikuwa kwa mtu wa upande wa pili, na ilimbidi alisubiri. Baadaye jibu likapewa ngazi kuanzia 1 hadi 5. Mwaka 1934 Mmarekani Arthur Braaten akapendekeza mfumo wa RST, ambamo usomekaji ulipewa alama kati ya 1 na 5, nguvu ya mawimbi kati ya 1 na 9, na ubora wa mlio vilevile kati ya 1 na 9. Alama hizo zote zilitolewa na sikio la binadamu, kisha zikarudishwa kwa aliyeuliza.

Kiswahili kilipokutana na redio kililipokea swali hilo bila taabu. Simu ya upepo, kama wazee wetu walivyoiita, ilikuwapo katika vituo vya polisi, katika ofisi za wilaya, hifadhini na katika hospitali za misheni. AMREF, iliyoasisiwa Nairobi mwaka 1957 na daktari wa upasuaji Michael Wood pamoja na wenzake, ilijenga mtandao wa redio uliounganisha hospitali za mbali za Afrika Mashariki na madaktari wake warukao. Nami nikiwa mtoto wa shule ya msingi nilikuwa nikijibanza dirishani kumsikiliza karani wa hospitali moja ya misheni akiita kila asubuhi: "Unanipata? Ova." Kisha kimya, mikwaruzo, na jibu: nakupata vizuri, nakupata kwa mbali, sikupati, rudia. Karani hakuwahi kuanza kusoma orodha ya dawa alizohitaji kabla ya kupata jibu hilo. Sijui lugha nyingi, lakini nadhani tuna bahati kwamba kwetu sisi "kupata" ni kusikia na ni kuelewa pia. Aliyesema "nakupata" alikubali dhamana mbili kwa pamoja.

Kisha ukaja mshale. Watengenezaji wa mitambo ya kupokelea mawimbi waliweka kwenye uso wa mtambo saa ndogo yenye mshale uliopanda kadiri mawimbi yalivyoingia kwa nguvu, na ngazi zake zikafuata zile alama 1 hadi 9 za sikio. Kwa muda mrefu kila kiwanda kilikuwa na 9 yake. Mwaka 1981, katika mkutano wa Brighton, chama cha kimataifa cha wanaredio wa ridhaa, IARU, upande wa Kanda ya 1 ambayo Afrika imo, kilipendekeza kipimo kimoja: katika masafa mafupi, alama ya 9 iwe ni mikrovolti 50 kwenye mlango wa antena, katika masafa yaliyo juu ya megahezi 30, ambako redio nyingi za mkononi hufanya kazi, iwe ni mikrovolti 5, na kila ngazi iwe na tofauti ya desibeli 6, yaani nguvu mara nne. Ni mapatano mazuri, ingawa viwanda vingi viliendelea kuyapuuza.

Vijiti havina hata mapatano ya namna hiyo. Anayeunda redio au simu ndiye anayeamua kijiti cha tatu kiwake wakati gani. Julai 2010 kampuni ya Apple, baada ya malalamiko juu ya simu yake mpya, ilikiri hadharani kwamba hesabu iliyokuwa ikitumia kuonesha vijiti ilikuwa na kosa kubwa, na kwamba mara nyingi ilionesha vijiti viwili zaidi ya ilivyostahili. Mamilioni ya watu walikuwa wamefarijiwa na picha.

Hata kama kila kijiti kingekuwa mkweli, bado lipo tatizo la upande mmoja. Redio ya mkononi kwa kawaida hurusha mawimbi kwa nguvu isiyozidi wati 5, na antena yake iko usawa wa bega. Kituo kikuu cha kampuni au cha polisi kinaweza kuwa na wati 50 na antena juu ya mlingoti. Mlinzi aliye bondeni huisikia ofisi kana kwamba imesimama karibu naye, vijiti vimejaa, lakini yeye akijibu ofisini husikika mikwaruzo mitupu. Mafundi wa redio wanalijua jambo hili. Ni sisi watumiaji tunaosoma vijiti vilivyojaa na kuamini kwamba tumo katika mazungumzo.

Nilipofika hapa katika maandalizi ya makala hii nilijikuta nikiiwaza Rwamgasa yenyewe, au Lwamgasa kama nyaraka nyingine zinavyoiandika. Eneo hili halijakosa kutangaziwa. Mgodi wa Geita wa enzi za ukoloni ulianza miaka ya 1930, ukafungwa 1966. Sheria ya Madini ya 1998 ilitangazwa, na mwaka 2000 mgodi mkubwa ukafunguliwa upya Geita. Wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki wakaja Rwamgasa kupima damu, mkojo na nywele za wachimbaji. Mkoa mpya ukaundwa 2012, kikajengwa kituo cha mfano cha wachimbaji wadogo, na mwaka 2019 yakaja masoko ya madini. Sidharau lolote kati ya hayo. Baadhi yake yameokoa afya za watu. Ninachosema ni kwamba ukiuliza serikali inapatikanaje Rwamgasa, vijiti vimejaa. Ukiuliza Rwamgasa inapatikanaje Dodoma, hakuna kioo kinachoonesha hilo. Na watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanajua jinsi ramani ya huduma za mawasiliano inavyosomwa: mahali ambapo mawimbi ya mnara yanafika, pamehudumiwa.

Sasa tushuke chini. Tarehe 5 Oktoba 2015, duara moja la Nyangalata, wilayani Kahama, liliporomoka na kuwafukia wachimbaji. Watafutaji walikata tamaa. Kumbukeni ulikuwa msimu gani. Ilikuwa miezi ya kampeni. Hewa ya nchi hii ilikuwa imejaa sauti, kila redio na kila kipaza sauti vikisema na mwananchi wa hali ya chini. Tarehe 25 Oktoba tukapiga kura. Tarehe 5 Novemba Rais mpya akaapishwa. Siku zote hizo watu walikuwa hai gizani wakila mende, vyura na magome ya miti, kama walivyosimulia baadaye, na kunywa maji yaliyodondoka mwambani. Tarehe 15 Novemba, siku ya 41, watano walitolewa wakiwa hai. Mwenzao mmoja alikuwa amefariki. Juu ya vichwa vyao mawimbi hayakupungua hata siku moja, lakini mwamba na maji huyameza mawimbi ya redio za kawaida ndani ya mita chache tu.

Kuna jambo jingine ambalo vijiti vya redio ya mkononi huficha. Mnara wa simu hurusha mawimbi saa zote, kwa hiyo simu yako huonesha vijiti hata kama hakuna anayekupigia. Redio mbili za mkononi hazina mnara. Vijiti huwaka pale tu mwenzako anapobonyeza kitufe na kusema. Akinyamaza, kioo ni kitupu. Aliyekufa, aliyelala, aliyefukiwa na asiye na la kusema wote huonekana sawa.

Januari 2017, huko Nyarugusu, jirani kabisa na Rwamgasa, watu 15 walifukiwa mgodini, mmoja wao raia wa China. Safari hii mambo yalikwenda vizuri na wote walitolewa hai baada ya siku tatu hivi. Mawasiliano ya kwanza yenye maana hayakuja kwa redio. Yalikuja kwa bomba, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono kutoka chini ikieleza kwamba wako hai na wanahitaji nini. Karatasi hiyo ilikuwa QSA ya mwaka 1912 kwa ukamilifu wake, swali na jibu.

Wenzetu walikwisha kulipia somo hili. Januari 2006 mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Sago, West Virginia, uliwafungia wachimbaji ndani na kukata mawasiliano. Aliyenusurika alieleza kwamba waligonga vyuma vya paa wakitumaini kusikika juu, pasipo jibu. Waokoaji walipowafikia, taarifa ilipitishwa kwa redio kutoka kituo hadi kituo chini ya ardhi, ikafika juu ikiwa imegeuka: familia zikaambiwa 12 wako hai, kumbe aliyekuwa hai ni mmoja. Sauti ilikuwa imefika, lakini hakuna aliyeirudisha kwa msemaji ili aithibitishe. Mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria iliyoitaka migodi ya makaa ya mawe iwe na mawasiliano ya pande mbili yasiyotegemea waya pamoja na njia ya kuwafuatilia watu walio chini. Migodi mikubwa duniani hutandaza mahandakini waya maalumu unaovujisha mawimbi kwa makusudi, ili redio za mkononi zifanye kazi chini.

Kwa duara la Rwamgasa siombi makubwa hayo. Zipo simu za waya zinazoendeshwa na nguvu ya sauti ya msemaji mwenyewe, zisizohitaji betri wala vocha, ambazo zimetumika melini kwa miongo mingi. Simu mbili na waya wa mita 100, pamoja na bomba la hewa la pembeni, ni gharama ambayo mwenye leseni anaimudu kuliko anavyomudu karasha. Nimeuliza maofisa kadhaa, faraghani, kwa nini jambo kama hili lisiwe sharti la kwanza la kuruhusu watu kushuka. Mmoja aliniambia kwa uungwana kwamba eneo hilo sasa lina mtandao mzuri.

Jioni ile, kabla sijaondoka, redio ya msimamizi iliita tena. Vijiti vinne. Safari hii hakuitazama. Alikuwa amechuchumaa, kiganja kimelala juu ya kamba, shingo imeinama upande, na akaniashiria ninyamaze. Alikuwa ameivuta mara mbili na alikuwa akisubiri.