Maji ndani ya kabini ya pikapu kuukuu: namna ya kutafuta yanapoingilia

Katika mkoa wa Luapula, mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na sehemu hii ya kaskazini mwa Zambia hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Samaki wa kisiwa cha Chisenga huvushwa kwa mashua hadi Nchelenge na Kashikishi, kisha hupakiwa katika magari kuelekea Mansa na miji ya Copperbelt. Mengi ya magari hayo ni pikapu zilizokwisha kutumika miaka mingi. Dereva anayekuta zulia limelowa chini ya miguu yake asidharau jambo hilo.

Kwa nini ni hatari

Maji yanayokaa chini ya zulia hula bati la sakafu kwa kutu pasipo mtu kuona. Sakafu ikitoboka, moshi wa ekzosi waweza kuingia ndani, na katika moshi huo mna kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Unyevu hufunika vioo kwa ukungu wakati wa usiku, tena hula maungio ya nyaya na fyuzi zilizo chini ya dashibodi. Kwa mwenye gari la biashara, kubadilisha bati la sakafu ni gharama kubwa kuliko kuziba tundu dogo mapema.

Kwanza, tambua ni maji gani

Gusa maji hayo kwa kidole na kuyanusa. Yakiwa ya kuteleza, yenye rangi na harufu tamu, hayo si ya mvua, bali ni maji ya kupoza injini yanayovuja katika redieta ndogo ya hita iliyo nyuma ya dashibodi. Dalili nyingine ni maji ya redieta kuu kupungua siku hata siku. Usiyaonje kamwe, kwa kuwa ni sumu, na usisafiri mbali, kwa maana injini yaweza kuchemka na kuharibika. Fundi anaweza kuunganisha mipira miwili ya hita upande wa injini, injini ikiwa imepoa, ili gari liendelee kutumika bila hita.

Yakiwa safi na yanatokea tu unapowasha kiyoyozi, yaelekea kijibomba cha kutolea maji ya kiyoyozi kimeziba. Yakitokea baada ya mvua au kuosha gari, endelea na uchunguzi ufuatao.

Kausha kabla ya kutafuta

Ondoa viti, inua zulia pamoja na sponji iliyo chini yake, kisha uvianike juani. Zulia laweza kuonekana kavu juu ilhali sponji yake imejaa maji. Futa sakafu mpaka ikauke kabisa, kisha tandaza karatasi za gazeti au nyunyiza unga kidogo, ili tone la kwanza lijionyeshe.

Kumbuka kwamba mahali palipolowa si lazima pawe ndipo maji yalipoingilia. Maji hufuata mikunjo ya bati na nyaya, nayo huelekea upande wa mteremko. Egesha gari mahali tambarare kabla ya kuanza.

Anzia chini, panda juu

Kazi hii yahitaji watu wawili: mmoja nje akimwaga maji, mwingine ndani akitazama kwa tochi. Pasipokuwa na bomba la mpira, chombo cha kumwagilia bustani au ndoo iliyotobolewa matundu madogo yatosha. Usitumie mashine ya kuoshea yenye nguvu, kwa sababu husukuma maji mahali ambapo mvua haifiki.

Mwaga maji sehemu moja tu kwa dakika tano hadi kumi kabla ya kuhamia nyingine. Anza chini ya milango, kisha boneti, kioo cha mbele, na mwisho paa. Ukianza na paa, maji yatatiririka juu ya sehemu zote za chini, nawe hutajua ni ipi inayovuja.

Sehemu za kuchunguza

Chini ya wipa pana matundu ya kuingizia hewa. Majani ya miembe yakijaa hapo, maji hukosa njia ya kutokea na kumwagikia ndani. Yasafishe kwa mkono kabla ya kununua chochote.

Kioo cha mbele katika magari ya zamani, kama vile Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyotoka mwaka 1984, hushikwa na raba. Raba ikikauka au fremu ikishika kutu chini yake, maji hupita kwenye pembe za chini na kushukia miguuni. Kioo cha nyuma kina ugonjwa huohuo, hasa kile cha kusukuma. Maji yake hujikusanya nyuma ya viti.

Mlango hupokea maji kila mara mvua inyeshapo. Hayo ni ya kawaida, nayo hutoka kwa vitundu vya chini. Vitundu vikiziba, au karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya paneli ya ndani ikichanika, maji huingia kabini. Ili kupima raba ya mlango, bana kipande cha karatasi kati yake na mlango, kisha kivute. Kikitoka bila kukazwa, raba imelegea mahali hapo.

Bati linalotenganisha injini na kabini lina raba za kupitishia nyaya. Usiku, fundi aweke taa kali upande wa injini, nawe utazame kutoka ndani: panapopita mwanga, maji nayo hupita. Usisahau mifereji ya paa, tundu la antena na boliti za keria.

Kuziba

Kwangua kutu mpaka bati safi, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha ziba kwa gundi ya kuzibia bodi za magari. Silikoni yenye harufu kama siki isipakwe kwenye bati, kwa kuwa asidi yake huchochea kutu. Raba iliyokufa ibadilishwe. Kuipaka gundi juu hufunika tu tatizo.

Baada ya siku moja, rudia jaribio la maji. Zulia lirudishwe pale tu sakafu inapobaki kavu. Mara nyingi pikapu kuukuu ina matundu mawili au matatu, hivyo usikome ulipopata la kwanza.

Wakati unaofaa

Kila mwaka uvuvi katika Ziwa Mweru hufungwa kuanzia tarehe 1 Disemba hadi mwisho wa Februari. Kwa wenye magari ya samaki, huo ndio muda ambao safari hupungua na mvua hunyesha sana, nao wafaa mno kwa kazi hii: gari lipo nyumbani, na kila mvua yathibitisha kama kilichozibwa kimezibika.