MBINGU ZINATANUKA: KABLA HUJASAMBAZA UJUMBE ULE



Ndugu yangu katika imani, bila shaka umeshatumiwa ule ujumbe usemao kwamba mwaka 1929 Hubble "aliithibitisha" aya ya 47 ya Suratu Dhaariyaat. Kabla hujautuma kwa mwingine, sikiliza historia yenyewe.

Mnamo mwaka 964, Abdul-Rahman as-Sufi wa Isfahan aliandika kitabu chake cha nyota. Humo alikitaja kiwingu kidogo kwenye kundi la nyota la Andromeda. Hakuwa na darubini, alikuwa na macho na subira tu. Ilipita karibu miaka elfu moja bila mtu kujua kiwingu kile kiko umbali gani, mpaka Edwin Hubble, akiwa Mlima Wilson kule California, alipogundua kuwa ni galaksi nzima iliyo nje ya hii yetu. Nuru yake hutufikia baada ya miaka milioni 2.5. Subhanallah!

Sasa, kutanuka kwa ulimwengu. Mwaka 1927, miaka miwili kabla ya Hubble, Georges Lemaître wa Ubelgiji alikwishaandika kuwa galaksi zinaachana kwa sababu anga lenyewe linatanuka. Na huyu alikuwa kasisi wa Kikatoliki. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alipoitumia elimu hiyo kama ushahidi wa uumbaji, Lemaître hakufurahi. Alishikilia kuwa nadharia yake isifungwe kwenye dini.

Na sisi je? Neno la aya ile, "lamuusi'uun", wafasiri wetu walilieleza kwa njia zaidi ya moja. At-Tabari alilipeleka kwenye wasaa wa uwezo, Ibn Kathir akasema ni kuzipanua pande za mbingu. Maana ya kupanua imo, alhamdulillah, wala haikuletwa na Wazungu. Lakini hakuna kati yao aliyezungumzia galaksi kukimbiana. Ukisema aya haina maana nyingine ila hiyo ya Hubble, umewafuta wanazuoni wa karne nyingi kwa kidole kimoja kwenye simu. Na siku nadharia ikirekebishwa, utamwambia nini kijana uliyemjengea imani juu yake?

Na hurekebishwa kweli. Mwaka 1998 makundi mawili ya wanasayansi, wakipima nuru ya nyota zinazolipuka, yalikuta kutanuka kunaongeza kasi, kinyume na walivyotarajia wengi. Matokeo yake yanatisha: galaksi zaidi ya 90 katika kila 100 zilizomo ndani ya upeo wa kuonekana, hata ungeanza safari leo kwa mwendo wa nuru, usingezifikia milele. Tunapokea nuru yao ya zamani tu.

Kiwingu cha as-Sufi hakimo humo. Chenyewe kinatukaribia, kwa mvutano wake na galaksi yetu. Ukiwa Afrika Mashariki mwezi wa Novemba, toka nje baada ya Isha penye giza, tazama kaskazini, utakiona.

Wallahu a'lam.