Vijia vya matembezi hunufaisha jamii mapato yakibaki mashinani

MSITU wa Karura, kaskazini mwa jiji la Nairobi, uliwahi kuogopwa kama maficho ya wahalifu. Siku hizi familia humiminika humo wikendi kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli katika vijia vyenye urefu wa zaidi ya kilomita 50.

Mageuzi hayo hayakuja kwa sadfa. Katika miaka ya tisini, sehemu za msitu huo wenye ukubwa wa takriban hekta 1,000 ziligawiwa wastawishaji wa kibinafsi. Januari 1999, marehemu Profesa Wangari Maathai alishambuliwa na kujeruhiwa alipokwenda kupanda mti humo kupinga unyakuzi.

Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyowafungulia wananchi mlango wa kushiriki katika usimamizi wa misitu ya serikali kupitia vyama vya jamii. Sheria ya 2016 iliyochukua mahali pake ilidumisha haki hiyo. Chama husajiliwa, kisha hutia saini mkataba na Shirika la Huduma za Misitu nchini (KFS). Utalii na burudani ni miongoni mwa shughuli ambazo jamii inaweza kuruhusiwa kuendesha.

Karura, chama cha Friends of Karura Forest kilichoundwa mwaka wa 2009 kilishirikiana na KFS kuweka ua wa umeme, kutengeneza vijia na kuajiri walinzi, wakiwemo vijana kutoka mtaa jirani wa Huruma. Aliyekuwa akiingia msituni kusaka kuni akapata sababu ya kuulinda.

Pwani nako kuna mifano ya kuigwa. Katika kijiji cha Gazi, kaunti ya Kwale, kikundi cha akina mama husimamia njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na wageni hulipa ada ili kuitumia. Katika hori ya Mida, karibu na Watamu, mapato ya njia kama hiyo yamesaidia kulipia karo wanafunzi kutoka familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Kutengeneza kijia hakuhitaji mitambo mikubwa, ila kunahitaji maarifa. Kijia kinachoteremka mlima moja kwa moja hugeuka mfereji mvua zinaponyesha, na udongo husombwa hadi mtoni. Inafaa kizunguke ubavu wa mlima taratibu na kiinamishwe kidogo upande wa bonde ili maji yatiririke nje.

Mapito ya zamani ya wachungaji na wachota maji yatumiwe kwanza kabla ya kufyeka mapya. Penye matope huwekwa mbao au mawe, na kwenye njia panda vibao vinavyoonyesha umbali na mwelekeo. Mahali ambapo ndege hutagia na makaburi ya wazee huepukwa, hata kama yanavutia.

Hata hivyo, kazi ngumu zaidi huanza baada ya ufunguzi. Kijia kisichofyekwa na kukaguliwa kila mara humezwa na magugu, na mgeni akipotea au akiporwa mara moja, habari huenea. Ndiyo maana suala la nani anashika pesa za langoni huzua mivutano.

Agosti 2025, KFS iliagiza ada za Karura zilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen. Chama hicho kilipinga agizo hilo mahakamani, suala kuu likiwa ni udhibiti wa fedha zinazoutunza msitu.

Mzozo huo ni funzo kwa kaunti zinazotamani kuwa na vijia vyao. Kabla ya jembe la kwanza kupigwa, mkataba ueleze bayana ni sehemu gani ya ada itakarabati njia, itawalipa walinzi na waelekezi, na itafika kijijini. Mwenyeji asipoonja matunda ya msitu, hataona sababu ya kumzuia mwenye shoka.