Zaka na Sadaka: Haki ya Maskini na Hiari ya Mtoaji

Wasikilizaji wetu, leo twataka kueleza khabari za neno moja litumikalo sana katika nchi yetu, nalo ni neno zaka. Huku Buganguzi, katika wilaya ya Muleba, Mkristo na Mwislamu hupakana vibanja, na wote wawili hulitumia neno hili. Mkristo asemapo zaka hukusudia fungu la kumi, au kipimo kilichowekwa na kanisa lake. Mwislamu asemapo zaka hukusudia jambo jingine, lenye hesabu yake na sheria zake. Tena wako wengi, hata miongoni mwa Waislamu wenyewe, wachanganyao zaka na sadaka, wakadhani kwamba ni kitu kimoja chenye majina mawili. Kuchanganya huku si kosa la maneno tu. Tajiri akidhani kwamba amemaliza wajibu wake kwa kuwalisha watu wali siku ya sikukuu, maskini hukosa haki yake, na tajiri mwenyewe hubaki na deni asilolijua.

Kwanza na tutazame asili ya mambo haya. Zaka ni nguzo mojawapo katika nguzo tano za Uislamu. Ilifaridhiwa Madina katika mwaka wa pili baada ya Mtume Muhammad kuhama Makka, yaani karibu na mwaka 624. Mtume alipofariki mwaka 632, baadhi ya makabila ya Waarabu yalisema kwamba yatasali, lakini zaka hayatatoa. Khalifa wa kwanza, Abubakar, alikataa kabisa kutenga sala na zaka, akapigana nao. Kwa vita hivyo twajua ya kuwa tangu mwanzo zaka haikuhesabiwa kuwa hisani ya mwenye mali. Kurani yenyewe husema kwamba katika mali ya matajiri imo haki ya mwombaji na ya mnyonge.

Dini hii ilifika pande zetu kwa njia ya biashara. Waarabu na Waswahili walitoka pwani, wakapita Unyanyembe, wakaja Karagwe, wakaweka kituo chao Kafuro. Mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwa Kabaka Suna wa Buganda mwaka 1844. Bwana Speke naye alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, biashara hiyo ilikuwapo tayari. Pamoja na nguo na shanga, wageni hao walikuja na sala, na saumu, na desturi zao za kutoa.

Wahaya hawakuwa wageni wa kutoa. Tangu zamani mgeni huku hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, na jirani hasahauliwi wakati wa pombe ya ndizi. Lakini kulikuwa na utoaji mwingine uliopanda juu: mtu wa chini alimpelekea Mukama mazao yake, na mpangaji wa nyarubanja alimtolea bwana wa shamba, mpaka mpango huo ulipoondolewa kwa sheria ya mwaka 1965. Zaka huenda kinyume cha njia hiyo. Hutoka kwa aliye nacho, ikashuka kwa asiye nacho.

Sasa tuje kwenye hesabu. Zaka haimlazimu kila mtu. Humlazimu yule ambaye mali yake imefika kiwango kiitwacho nisabu, na kwa fedha, bidhaa na mifugo, yapasa pia mwaka mzima wa miezi ya mwandamo upite. Nisabu ya dhahabu ni kama gramu 85, na ya fedha nyeupe kama gramu 595. Aliyefika hapo hutoa sehemu moja katika sehemu 40. Maana yake, katika kila shilingi 1,000,000 hutoa shilingi 25,000. Mwenye ng'ombe 30 walishao malishoni hutoa ndama mmoja wa mwaka mmoja. Wakifika 40, hutoa mtamba wa miaka miwili. Mwenye mbuzi 40 hutoa mmoja. Nafaka inayowekwa ghalani ikifika kama kilo 650, hutolewa sehemu ya kumi siku ya mavuno ikiwa imenyeshewa na mvua, au nusu ya sehemu hiyo ikiwa imemwagiliwa kwa taabu au gharama.

Hapo mkulima wa Buganguzi atauliza: Je, ndizi zangu na kahawa yangu? Jambo hili wanazuoni wamelijibu mbalimbali. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, zaka ya mazao ni juu ya vyakula vya kushibisha vinavyowekwa akiba. Kwa hiyo mikungu ya ndizi na buni shambani haimo. Katika madhehebu ya Hanafi, mazao ya ardhi kwa jumla yamo. Hata hivyo, kahawa ikiisha kuuzwa, fedha yake ni fedha kama nyingine. Ikifika nisabu na kukaa mwaka, zaka yake ni lazima. Anayeuza magunia machache akayamaliza kwa ada ya skuli na chumvi, huyo hadaiwi kitu. Pengine yeye ndiye wa kupewa.

Wa kupewa nao wametajwa. Kurani, katika sura ya 9, aya ya 60, imeyahesabu mafungu manane: mafakiri, maskini, waikusanyao zaka, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, watumwa wa kukombolewa, wenye madeni, walio katika njia ya Mungu, na msafiri aliyeishiwa. Fungu la watumwa limebaki kitabuni tu kwetu, kwani utumwa ulikatazwa kwa sheria Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Tena haifai mtu kumpa zaka mkewe, wala watoto wake wadogo, wala wazazi wake wanaomtegemea. Hao kuwalisha ni wajibu wake tayari. Akiwapa zaka, amejilipa mwenyewe.

Iko pia zaka ya fitri, itolewayo mwisho wa Ramadhani kabla ya sala ya Idi. Hii ni ya kichwa, mkubwa kwa mdogo: chakula cha nchi, kama kilo mbili na nusu au kuzidi kidogo, kwa kila mtu wa nyumba, ili maskini naye ale siku ya furaha.

Sadaka ndiyo hiari. Haina kiwango, haina siku, wala haichagui dini ya mpokeaji. Tetemeko la ardhi lilipoangusha nyumba nyingi mkoani Kagera tarehe 10 Septemba 2016, aliyempa jirani yake bati au blanketi bila kuuliza anasali wapi, alitoa sadaka. Kuchimba kisima au kuweka shamba wakfu kwa ajili ya skuli ni sadaka yenye kuendelea hata mtoaji akifa. Mwaka 1945 ilipoundwa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, misikiti na skuli zilijengwa kwa michango ya namna hii. Hata asiye na senti aweza kutoa sadaka, kwani neno jema na kuondoa mwiba njiani vimehesabiwa humo.

Lakini sadaka, hata ikiwa kubwa, haifuti zaka. Mwenye kudaiwa shilingi 100,000 za zaka, akitoa shilingi 500,000 kwa hiari yake kujenga mnara wa msikiti, bado anadaiwa zile 100,000. Huo ndio mpaka baina ya mambo haya mawili: zaka ni deni, sadaka ni zawadi; na deni hutangulia zawadi.

Katika nchi yetu Serikali ya Wadachi haikukusanya zaka, wala ya Waingereza, wala ya Jamhuri. Hakuna karani aitazamaye nyumba ya mtu. Kwa hiyo twawashauri wenye mali wafanye mambo matatu: wachague siku moja ya mwaka ya kuhesabu, waandike hesabu yao katika daftari, na wawaulize masheikh wao kwa lile wasilolijua. Na maskini apewapo fungu lake asitangazwe barazani, kwa kuwa aliyelipwa haki yake hana sababu ya kuona haya.