Asili ya Nguvu na Ngazi za Wenye Uganga: Mfano wa Azande wa Uele

1. Utangulizi

Kiswahili humtofautisha mchawi na mganga, tena huwatofautisha wote wawili na mpiga ramli. Tofauti hizo si za maneno matupu. Zinaonyesha kwamba jamii haihesabu kila nguvu ya siri kuwa nguvu moja, wala kila mwenye nguvu hiyo kuwa na cheo kimoja. Sheria za wakoloni, mara nyingi, ziliyatia yote katika kapu moja.

Makala haya yanachunguza mfano wa Azande, ambao mipaka ya Kongo, Sudan ya Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati inawagawa hadi leo. Habari zao zinajulikana hasa kutokana na kazi mbili: kitabu cha mmisionari C. R. Lagae, kilichotolewa mwaka 1926, na kile cha E. E. Evans-Pritchard, aliyewachunguza Azande wa Sudan kwa vipindi kati ya 1926 na 1930, akakitoa mwaka 1937. Swali ni hili: cheo cha mwenye nguvu za siri kilitoka wapi? Itaonekana kwamba hakikutokana na ukali wa nguvu yenyewe, bali na mahali nguvu hiyo ilipotoka, na mtu aliyekichunga chanzo chake.

2. Nguvu ya tumboni

Azande huita mangu kitu kinachosemwa kukaa tumboni mwa mchawi. Mtu huzaliwa nacho: mtoto wa kiume hukirithi kwa baba, wa kike kwa mama, nacho hukua kadiri mwenyewe anavyozeeka. Mchawi wa namna hii hahitaji dawa, maneno wala ada yoyote. Roho ya mangu hutoka usiku ikamdhuru jirani, na pengine mwenyewe hana habari.

Nguvu hii iliogopwa sana, lakini haikumpa mtu cheo chochote. Haikufundishwa, haikununuliwa, wala hakuna aliyejivunia. Zamani ukoo ulioshtakiwa uliweza kupasua maiti ya ndugu yao mbele ya mashahidi, ili tumbo lisilo na mangu liwasafishe walio hai.

3. Nguvu ya msituni

Kinyume cha mangu ni ngua, yaani dawa, ambazo nyingi hutokana na mimea. Ngua haina damu wala ukoo. Mtu huipata kwa kujifunza na kwa kulipa. Azande hutenganisha dawa njema na dawa mbaya, na kipimo chao ni haki. Dawa ya kulipiza kisasi huua, lakini huhesabiwa njema, kwa kuwa humtafuta mwenye hatia peke yake. Dawa inayomwua asiye na kosa ndiyo mbaya.

Hapa ndipo vyeo vinapoanza. Waganga waitwao abinza walikuwa na chama chao. Mwanafunzi alimlipa mwalimu wake kidogo kidogo, akala dawa pamoja na wenzake, akaonyeshwa mimea, na mwishowe akapitishwa katika ada ya kuzikwa kwa mfano, ili atoke akiwa mtu mpya. Katika ngoma za hadhara waganga hao waliwataja wabaya kwa mafumbo. Hata hivyo abinza walikuwa raia; watu wa ukoo wa kitawala wa Avongara hawakujiunga nao, na neno la mganga pekee halikutosha kumhukumu mtu.

4. Ngazi za ramli

Hukumu ilitoka kwa ramli, nazo zilikuwa na daraja zake. Iwa, ubao mdogo wa kusugua, ulitumika kila siku kwa mambo madogo. Juu yake palikuwa na dakpa: vijiti vya miti miwili hutiwa katika kichuguu, na asubuhi hutazamwa ni kipi kilicholiwa na mchwa. Juu ya zote ilikuwa benge, sumu nyekundu itokanayo na mmea utambaao msituni. Kuku hunyweshwa sumu hiyo, kisha huulizwa swali. Kufa kwake au kupona kwake ndiyo jibu. Jibu la kwanza halikutosha. Kuku wa pili alilithibitisha, safari hii swali likigeuzwa: wa kwanza akifa, wa pili sharti apone.

Benge ilikuwa mali ya wanaume wenye kuku na wenye kushika miiko. Wanawake kwa kawaida walitengwa nayo. Lakini ngazi ya juu kabisa ilikuwa benge ya mtawala. Jawabu lake halikuwa na rufaa. Vilevile, raia hawakumshtaki mtu wa Avongara kwa uchawi. Basi aliyechunga chanzo cha hukumu alikuwa yeye mwenyewe nje ya hukumu. Huu ndio msingi wa utaratibu wote: uganga wa juu ulikuwa utawala.

Hata hivyo utaratibu huo ulimpa mshtakiwa njia. Ikiwa benge imemtaja mtu kuwa anamdhuru mgonjwa, ubawa wa kuku ulipelekwa mbele yake. Yeye alipuliza maji juu yake, akasema kwamba hana nia mbaya, na kama ana mangu bila kujua, basi na ipoe. Aliondoka na heshima yake, na jirani walibaki jirani.

5. Mpaka na sheria

Mwaka 1905 mfalme Gbudwe aliuawa na jeshi la serikali ya Waingereza na Wamisri, na baraza lake likavunjika. Mpaka wa kikoloni nao uligusa chanzo chenyewe. Mmea wa benge haukupatikana katika nchi ya Azande wa Sudan. Iliwapasa kuufuata Kongo, kusini ya mto Bomokandi. Safari ambayo zamani ilikuwa ngumu kwa umbali na miiko, sasa ikawa kosa mbele ya serikali.

Mahakama mpya hazikupokea ushahidi wa benge. Huko Sudan, sheria ya 1919 ilipiga marufuku vyama vya siri vya dawa. Katika Kongo, kanuni ya adhabu ya 1940 iliadhibu viapo vinavyomtia mtu maumivu ili kutafuta mwenye hatia. Kisasi cha uchawi kikabaki katika dawa za siri: ukoo wa marehemu uliamini kwamba mwuaji amekwisha kufa, lakini jina lake halikutangazwa. Ngazi zikaanguka, shaka ikabaki.

6. Hitimisho

Si lengo la makala haya kuusifu utaratibu wa zamani. Uliwakinga wakuu, uliwatenga wanawake, na pengine uliua. Lakini ulijua jambo moja: kumtaja mtu ni tendo zito, linalohitaji ngazi, uthibitisho na jibu la mshtakiwa. Tangu miaka ya 1990, mijini mwa Kongo, na hasa Kinshasa, watoto wengi wameitwa wachawi na kufukuzwa nyumbani, bila ngazi na bila jibu. Katiba ya 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Ili katazo hilo lieleweke vijijini na mitaani, sharti lisemwe kwa lugha inayojua kutenga mchawi, mganga na mpiga ramli. Neno lililochanganya yote ndilo limlizalo asiye na kosa.