Fahamu mkanda unaomtambua mgonjwa kwa mawimbi ya redio

Mgonjwa anayetoka kisiwa cha Goziba, akapita Hospitali ya Rubya wilayani Muleba na kupewa rufaa kwenda Bukoba mjini, anajulikana kwa jina, namba ya faili na karatasi ya rufaa. Karatasi ikilowa kwenye boti, kazi inaanza upya. Na majina yanafanana. Kagera akina Mugisha ni wengi. Kosa la jina kwenye chupa ya damu linaweza kuua.

Hapo ndipo inapoingia RFID. Mgonjwa anavishwa mkanda wenye chipu ndogo na antena. Chipu haina betri: inapata nguvu kutoka kwenye mawimbi ya kifaa kinachoisoma, kisha inarudisha namba yake. Aina ya NFC, ambayo ipo kwenye simu janja nyingi, inasomeka kwa sentimita chache tu. Ni afadhali hivyo, maana muuguzi anamsoma mgonjwa aliye mbele yake, siyo wa kitanda cha jirani.

Kwa Bukoba jambo hili lina uzito wake. Machi 21, 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg, ulioanzia Bukoba Vijijini. Waliougua walikuwa 9 akiwemo mmoja aliyehesabiwa bila kupimwa maabara, na 6 walifariki. Mlipuko ulitangazwa kwisha Juni 2.

Kwenye wodi ya ugonjwa kama huo, karatasi ikishaingia haitoki tena. Wakati wa Ebola nchini Sierra Leone, MSF na Google walilazimika kutengeneza tableti ya kuchovya kwenye klorini. Mkanda wa chipu unasomeka hata juu ya nguo za kujikinga, bila kushika chochote.

Lakini kuna tahadhari. Mwaka 2008 watafiti wa Amsterdam waliandika kwenye jarida la JAMA kuwa katika majaribio 123, mawimbi ya RFID yalivuruga mashine za wagonjwa mahututi mara 34, na 22 kati ya hizo zilikuwa za hatari. Kwa hiyo ICU inahitaji vipimo kwanza.

Halafu kuna siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo chipu inatakiwa ibebe namba tu. Majibu ya vipimo yanabaki kwenye mfumo wa hospitali, na umeme ukikatika bila jenereta, namba hiyo peke yake haimsaidii daktari.