Kabati la hukumu: mawakili wa bima na tarakilishi

Juzi niliitwa na kampuni moja ya mawakili wa bima hapa Nairobi niwatengenezee programu ya kutafuta faili. Nikaonyeshwa kabati la chuma lililojaa nakala za hukumu za zamani, zimepangwa kwa majeraha: mguu, shingo, kichwa. Nilitaka kucheka, kisha nikaelewa. Ile ndiyo iliyokuwa hifadhidata yao.

Historia yake ni hii. Mtu akigongwa na matatu akashtaki, jaji huangalia waliopata majeraha kama yake walilipwa kiasi gani. Basi mwenye hukumu nyingi mkononi ndiye mwenye nguvu. East Africa Law Reports zilikatika miaka ya 1970, na hukumu nyingi zilizofuata zikabaki masjala. Mawakili wa bima, ambao kila wiki wako kortini kwa kesi za ajali, walijikusanyia nakala zao. Lakini wakili wa mama mboga aliyevunjika mguu angezipata wapi?

Ng'ambo mambo yalikuwa yameshaanza kubadilika. Mwaka 1973, Marekani ilizinduliwa LEXIS: wakili anaandika neno, tarakilishi inalitafuta ndani ya maandishi yote ya hukumu. Ila ilikuwa huduma ya kulipia.

Kwetu, sheria ya kuunda National Council for Law Reporting, ambayo leo twaiita Kenya Law, ilipitishwa 1994. Baraza lenyewe likaanza kazi 2001, na baadaye hukumu zikawekwa kwenye tovuti yake bila malipo. Kwetu sisi waandishi wa programu hakuna maajabu hapo: maandishi, faharasa ya maneno na kisanduku cha kutafutia. Lakini kisanduku hicho kilifungua kabati kwa kila mtu, hata wakili mwenye ofisi ya chumba kimoja.

Sasa mnajua wateja wangu waliomba nini? Matokeo yapangwe kuanzia fidia ndogo kabisa! Nikawatengenezea, ndiyo kazi yao kumtetea mwenye bima. Ila mwaka wa hukumu nimeuweka kando ya kila kiasi, kwa sababu shilingi laki moja ya 1990 si laki moja ya leo, na majaji wanalijua hilo.

Wakili wa mama mboga naye anaweza kupanga orodha yake kuanzia juu. Zamani hakuwa na orodha ya kupanga.

Tukutane wakati mwingine.